Saa ya Kuchemka

Tusekile aliposikia kwa mara ya kwanza watu wa Kambi ya Matuta Saba wakitukanana, alitupa begi lake mlangoni mwa chumba cha wageni akakimbia kwenda kuamua. Ilikuwa saa kumi na robo jioni, ukungu umeanza kushuka. Kwenye uwanja mbele ya bwalo, watu wazima mia mbili na ushee walikuwa wamesimama wawili wawili, mikono kiunoni, kila mmoja anamfokea mwenzake. Mwanamke mmoja alikuwa anamwambia mumewe kwamba ukoo wao wote haujawahi kutoa mtu anayejua kufunga mlango akitoka. Mume alimjibu huku mishipa ya shingo imemsimama. Pembeni yao wazee wawili waligombania mpaka wa shamba ambalo maporomoko yalishalibeba miaka kumi na miwili iliyopita.

"Jamani, mtaumizana," Tusekile alisema, akijipenyeza katikati ya wale wanandoa.

Mwanamke alimtazama kwa upole kabisa. "Dada, tafadhali usitupoze," alisema, kisha akamgeukia mumewe na kuendelea pale alipoachia.

Saa kumi na moja kamili mpishi aligonga kipande cha reli kilichoning'inia kwenye mlango wa bwalo. Kelele zikakatika papo hapo. Watu wakacheka, wakafutana jasho, wakapanga foleni kama vile hakuna aliyemwita mwenzake nguruwe dakika moja iliyopita. Kila mmoja alipofika ukutani aliinua mkono wenye kikuku, jicho la mashine likakisoma, namba ikawaka juu, na bomba likamwaga ugali wa mwani na maharage kulingana na namba hiyo. Aliyekuwa na namba kubwa alipata sahani iliyojaa. Mwenye watoto alikabidhiwa na vibakuli vyao, maana chakula cha mtoto kilihesabiwa kwa robo ya cha mama yake.

Ndipo Tusekile alipoelewa, na kwa kuwa alikuwa mpimaji wa vikuku kwa mwaka wa sita sasa, aliona haya kwamba hakuelewa mapema.

Tangu milima ilipoanza kuporomoka na mashamba kwenda na maji, chakula kiligawiwa na Bohari, na Bohari ilikuwa mashine iliyokaa mjini, mbali na matope. Haikuweza kuona nani amebeba jiwe na nani amelikalia. Ilichoweza ni kusikiliza mapigo ya moyo kupitia kikuku. Misuli ikifanya kazi hudai hewa, moyo nao huongeza mwendo kuipeleka. Basi Bohari ilichukua mapigo, umri na uzito wa mtu, ikakadiria ameunguza kalori ngapi, ikamrudishia hizo kwenye sahani. Kwa mtu anayepanda kilima na mzigo, makadirio hayo hayakuwa mabaya. Shida ni kwamba moyo una shughuli zake nyingine. Hasira huukimbiza, hofu huukimbiza, na kikuku hakijui tofauti ya mtu aliyebeba jiwe na mtu aliyetukaniwa mama yake.

Watu wa Matuta Saba waligundua hilo bila kusoma kitabu chochote. Kugombana huko kwa kupandisha namba walikuita kuchemka.

Wa mwisho kwenye foleni jioni ile alikuwa mwanamume mrefu wa miaka hamsini na saba, mashati mawili yamemning'inia mwilini kama yamewekwa kwenye msumari. Hakuwa amechemka na mtu. Wakati wenzake wanafokeana, yeye alikuwa ameketi kwenye ngazi ya bwalo anaosha miguu. Namba yake ilipowaka ilikuwa ndogo kuliko zote, na bomba lilitema kidogo likanyamaza.

"Baba Ambakisye," alisema yule mwanamke wa ugomvi wa mlango, ambaye jina lake lilikuwa Atupele, "na leo tena ni jiwe lililokubeba wewe?"

Bwalo likacheka. Yule mwanamume akatabasamu kidogo. "Leo tumebebana," alisema, akaenda kuketi kwenye benchi la mwisho.

"Mvivu wetu huyo," Atupele alimwambia Tusekile bila ubaya wowote. "Kila kambi ina wake."

*

Kazi ya mpimaji ilikuwa rahisi kueleza. Alikuwa na barakoa ya pumzi, yenye mfuko wa kupimia hewa inayoingia na inayotoka. Mwili hauwezi kuunguza chakula bila kutumia hewa, kwa hiyo barakoa haidanganyiki kirahisi. Anamvalisha mtu, anamfuata akiwa kazini kwa saa moja, kisha analinganisha barakoa na kikuku. Anapima watu kumi na wawili. Ikiwa tofauti, kwa wastani wao wote, haizidi asilimia kumi, anatia saini kwamba vikuku ni sahihi na anaondoka. Siku tisa kila kambi.

Ilikuwa kazi ya upweke, na Tusekile hakujidanganya kuhusu hilo. Kila alikofika watu walimwogopa, kwa hiyo walimheshimu, kwa hiyo walimwacha peke yake. Alishalala kwenye vyumba vya wageni visivyo na idadi, na hakukumbuka mtu aliyewahi kumuuliza ameamkaje na kusubiri jibu. Wazazi wake walikwenda na maporomoko ya kwanza. Jina lake, kwa lugha ya kwao, lilikuwa la furaha, na yeye mwenyewe alikuwa akilitamka kwa haraka.

Siku ya tatu alimvalisha Ambakisye barakoa.

Matuta yalikuwa yanajengwa upya kwa mawe, ngazi juu ya ngazi, ili udongo uliobaki usiende. Mawe yalitoka korongoni. Vijana waliyabeba wawili wawili kwenye machela. Ambakisye alilibeba lake peke yake, mgongoni, kwa ukanda uliopita kwenye paji la uso. Alipanda bila kusimama. Tusekile, aliyebeba daftari tu, alilazimika kusimama mara nne. Juu kabisa mwanamume alilishusha jiwe, akalipapasa kutafuta uso wake mzuri, akaliketisha ukutani, kisha akashuka kufuata jingine. Saa ilipokwisha alikuwa amekwenda mara saba. Kijana aliyefanya vizuri sana siku ile alikwenda mara tano kwa saa, wakiwa wawili.

Kikuku kilisema kalori mia mbili na hamsini. Barakoa ilisema mia nne na kumi.

Alidhani amekosea kufunga mkanda. Akarudia kesho yake asubuhi, na kesho yake tena. Ilikuwa vilevile.

"Ukiwa umelala, moyo wako unapigaje?" alimuuliza.

"Nikilala nitajuaje, mwanangu?"

Alimpima akiwa amekaa. Mapigo arobaini na manne kwa dakika. Tusekile mwenyewe, akiwa amekaa vilevile, alikuwa na themanini.

Ambakisye alianza kubeba viazi kutoka mgongo wa mlima hadi barabarani akiwa na miaka kumi na mitano, na hakuwahi kuacha kubeba. Moyo wake ulikuwa umekua kama mkono wa mhunzi unavyokua; pigo lake moja lilisukuma damu ambayo wa mtu mwingine huisukuma kwa mapigo mawili. Bohari iliona moyo unaotembea polepole, ikaamua kwamba mwenyewe amepumzika. Ikampunguzia chakula. Na mwili wenye njaa hubana matumizi: hupunguza joto, hupunguza mapigo. Moyo ukazidi kutulia, Bohari ikazidi kupunguza. Kwenye kadi yake ya zahanati ilikuwa imeandikwa kwamba mwaka uliopita alikuwa na kilo sitini na tatu. Sasa alikuwa na arobaini na tisa, na majira ya baridi yalikuwa bado hayajafika.

Tusekile aliihesabu hesabu hiyo mara mbili. Kwa mwendo ule, mwezi wa saba usingemkuta.

"Wanasema wewe ni mvivu," alimwambia.

"Namba ndivyo inavyosema."

"Lakini wanakuona. Wanayaona mawe yako ukutani."

Ambakisye alifikiri kidogo. "Wao wenyewe wanaipandisha namba kwa kelele. Hawajawahi kuwaza kwamba inaweza kuwa chini kuliko kazi ya mtu."

"Basi chemka na wewe. Nitukane mimi, tuanze sasa."

"Nikutukane kwa lipi? Umenibebea maji."

"Sema mimi ni mnafiki. Sema nimekuja kula chakula chenu."

"Umekuja kula chakula chetu," alisema kwa adabu. Kikuku kilionyesha hamsini na moja. Tusekile alicheka mpaka akakaa chini, na Ambakisye akacheka pia, akashika mbavu zake kama mtu aliyesahau jinsi inavyofanywa. Alikuwa mjane. Mke wake, alisema, ndiye aliyejua kumkasirisha. Alikuwa na kipaji.

*

Kosa la Tusekile lilikuwa la udadisi. Siku ya tano aliwavalisha barakoa Atupele na mumewe wakati wa kuchemka.

Kutukanana ndani ya barakoa si kazi ndogo. Atupele alilalamika kwamba matusi yanamrudia usoni. Hata hivyo walijitahidi, dakika arobaini na tano, na kikuku cha Atupele kikahesabu kalori mia mbili na themanini. Barakoa ilihesabu tisini. Kiasi hicho mtu hukiunguza hata akiwa anachambua maharage. Tusekile aliandika kwenye daftari, na barakoa nayo ikaandika kwenye kumbukumbu yake, ambayo haifutiki.

"Tumefanya vizuri?" Atupele aliuliza, nywele zimemsimama.

"Vizuri sana."

"Na wewe jioni zako unachemka na nani?"

"Sina mtu."

Atupele alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba mgeni wake analala bila blanketi. "Kesho utachemka na mimi," alisema. "Mume wangu apumzike. Ana mambo machache tu ya kusema, na yote nimeshayasikia."

Kwa hiyo siku ya sita Tusekile alisimama uwanjani kama wengine. Hakujua aanzie wapi. Atupele alimsaidia: alimwambia kwamba anatembea kama mtu anayedaiwa, kwamba anakunja blanketi lake pembe kwa pembe kama askari jela, kwamba kila asubuhi anasema ameshaamka kabla hajaulizwa. Mtu alikuwa amemwangalia. Mtu alikuwa amehesabu jinsi anavyokunja blanketi. Alihisi joto likimpanda kutoka tumboni, akamjibu Atupele kwamba anaongea hadi kuku wanahama, na uwanja mzima ukashangilia. Jioni ile bomba lilimjazia sahani, na akaila katikati ya benchi, bega kwa bega na watu, akiwa na furaha ambayo ilimtia hofu.

Chumbani aliweka hesabu sawa. Kati ya watu wake kumi na wawili, kumi na mmoja vikuku vyao vilizidisha kidogo. Cha mmoja kilipunguza sana. Ukiwajumlisha na kuwagawa, tofauti kwa wastani ilikuwa asilimia nne.

Vikuku vilikuwa sahihi. Angeweza kutia saini bila kuandika neno moja la uongo, na angekuwa amemzika mtu.

Njia nyingine ilikuwepo. Mpimaji aliruhusiwa kumwombea mtu mmoja hesabu yake mwenyewe, ila akifanya hivyo ni lazima aambatanishe kumbukumbu yote ya barakoa, na Bohari huisoma yote. Ingesoma kuhusu Ambakisye. Ingesoma na kuhusu dakika arobaini na tano za Atupele, na ingetambua zile dakika katika kila kikuku cha kambi, kila jioni, miaka mitatu nyuma. Ingeziondoa. Robo ya kila sahani ingeondoka, na robo ya kila kibakuli cha mtoto. Wasingekufa. Tusekile aliliangalia hilo kwa makini, kwa sababu ndilo lililokuwa la muhimu: wasingekufa. Wangelala na njaa, kama walivyokuwa wakilala kabla hawajajifunza kuchemka, na yeye angekuwa ndiye aliyewarudisha huko.

Kugawana nako hakukuwezekana. Chakula kililiwa bwalo, chini ya jicho la mashine, na mtu akimega sahani ya mwenzake bomba liliwafungia wote wawili kwa siku mbili.

Siku ya saba alichemka tena na Atupele, na moyo haukuwamo. "Leo umepoa," Atupele alimwambia. "Unaumwa?" Aliuliza, kisha akasubiri jibu.

"Hapana," Tusekile alisema.

Siku ya nane asubuhi alimwona Ambakisye ameketi katikati ya kilima, jiwe likiwa bado mgongoni, macho yamefumba. Alikuwa hajawahi kusimama njiani. Alipofika kwake alimkuta anapumua kwa midomo, midomo yenyewe rangi ya majivu. Kikuku kilisema arobaini na sita. Kwa Bohari alikuwa mtu aliyelala kivulini.

Tusekile alishuka hadi ofisini akatuma kila kitu. Aliambatanisha barua ndefu. Alieleza kwamba watu hawa hawakuwa wezi, kwamba kiwango cha msingi kilikuwa kidogo tangu mwanzo na ndiyo maana walipiga kelele, na akaomba kwa unyenyekevu kiwango kipandishwe kabla hesabu haijabadilishwa. Majibu yalifika kabla chai yake haijapoa. Hesabu ya Ambakisye imerekebishwa. Mapigo ya saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, kwa vikuku vyote vya kambi, hayatahesabiwa kuanzia leo. Ombi la kupandisha kiwango limepokelewa na litashughulikiwa kwa utaratibu wake.

Alikaa na karatasi ile mkononi. Angeweza kwenda korongoni kuwaambia. Alijiambia kwamba anatafuta maneno, akayatafuta mpaka saa kumi.

*

Jioni walichemka kama kawaida. Tusekile alibaki mlangoni mwa ofisi, na Atupele alipomwita kwa mkono alijifanya anaandika. Wale wazee wawili walipigania mpaka wao kwa bidii ya kipekee. Reli ikagongwa, watu wakacheka, wakapanga foleni.

Wa kwanza aliangalia namba, akaangalia kikuku, akakipiga piga. Wa pili alimwambia mpishi kwamba bomba limeziba. Wa kumi hakusema kitu, kwa sababu kufikia hapo foleni nzima ilikuwa imeshaanza kugeuza shingo, mmoja baada ya mwingine, kumtazama mpimaji.

Atupele alipofika ukutani alipokea sahani yake na vibakuli viwili. Alivitazama vile vibakuli kwa muda. Kisha alimwendea Tusekile, akasimama karibu kabisa.

"Tulikuvalia ile barakoa," alisema. Hakufoka. Ilikuwa mara ya kwanza Tusekile kumsikia akisema jambo kwa sauti ndogo.

"Ilikuwa lazima. Mtu alikuwa anakufa, dada. Si mvivu, hajawahi kuwa mvivu. Yeye anafanya kazi kuliko..."

"Nani?"

Haikuhitajika kujibu. Ambakisye, wa mwisho kwenye foleni, alikuwa ameinua mkono, na juu yake ikawaka namba ambayo bwalo lile halikuwahi kuiona. Bomba lilimwaga, likamwaga, likaendelea kumwaga hadi ugali ukagusa kingo na maharage yakatiririka kwenye vidole vyake. Alisimama pale ameshika sahani kwa mikono miwili. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyemwita jina lolote. Alipoanza kutembea, watu kwenye mabenchi waligeuza migongo, taratibu, kama wanaompisha mtu mwenye ugonjwa.

Aliketi kwenye benchi lake la mwisho. Tusekile alichukua sahani yake mwenyewe, ambayo ilikuwa na kidogo sana, akaketi mbele yake kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine. Alitaka amwone anakula. Alijiona anastahili angalau hilo.

Ambakisye hakuigusa sahani.

"Ni yako," Tusekile alimwambia. "Ni haki yako. Ndicho ulichokuwa unakifanyia kazi siku zote. Kula, baba, nakuomba."

"Najua ni yangu."

"Basi?"

"Ungeniuliza kwanza, mwanangu."

Tusekile alihisi machozi yanakuja, akayaacha yaje. "Ungekufa."

"Labda. Lakini ungeniuliza." Hakuwa na hasira, hata sasa hakuijua. Aliangalia ile migongo, benchi baada ya benchi, hadi alipomwona Atupele akiwagawia wanawe kwa kijiko. "Miaka mitatu, kila jioni, yule mama ananiuliza kama jiwe ndilo lililonibeba. Mimi nikiwa kule kilimani nafikiria nitamjibu nini. Mchana kutwa natafuta jibu."

Alijifuta maharage vidoleni.

"Leo hakuniuliza."

Kisha akanawa mikono, akavuta sahani, akaanza kula polepole kama mtu mwenye kazi ndefu mbele yake, na Tusekile akakaa naye mpaka alipomaliza.